Mnyororo na Nati Mbili: Nani Alipe?



Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia ujira, likizo na mikataba, na huenda wako wasomaji watakaoshangaa kuuona leo umejaa nati na minyororo. Wasishangae. Kwa mkataji kuni wa Kashojwa anayetumia msumeno wa injini, ujira wa siku huanzia kwenye nati mbili zilizo ubavuni mwa msumeno huo, na usalama wa mguu wake vile vile. Nati hizo zikilegea, mnyororo huruka. Mnyororo usipokuwa wa aina inayofaa, petroli huteketea na kuni haziongezeki. Na katika yote mawili anayeumia ni mtu mmoja tu.

Tumeona tuliseme jambo hili waziwazi kwa kuwa iko desturi iliyoota mizizi kati ya Mbarara na Nakivale, nayo ni hii: mwenye msumeno hutoa injini, kisha mnyororo, tupa, oili na nati huhesabiwa kuwa ni mambo ya mkataji. Mnyororo ukikatika, thamani yake hutolewa katika malipo yake. Nati ikipotea majanini, hivyo hivyo. Lakini siku ya kwenda dukani kuchagua mnyororo, mkataji haulizwi neno. Huletewa ule uliopatikana kwa bei nafuu, akaambiwa, "Kazi kwako." Sisi twasema desturi hiyo ni dhuluma, na tena ni hasara hata kwa huyo mwenye msumeno. Kueleza kwa nini, hapana budi tuingie kidogo katika ufundi, maana madai yasiyojua ufundi hujibiwa kwa kicheko.

Kwa ndugu wa mbali wasioijua Kashojwa: ni kijiji ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyoanza 1959. Leo wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na kazini. Mnyankole husema enku, Mnyarwanda na Mrundi husema inkwi, sisi twasema kuni. Neno ni moja hilo, na mgongo unaouma ni ule ule.

Ndani ya makazi yenyewe miti imepungua sana. Hatumtetei mtu anayekata ovyo kandoni mwa ziwa Nakivale, wala anayeingia kwa siri katika msitu wa hifadhi, ambao kwa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 haukatwi bila kibali. Kazi tunayoizungumzia ni ya halali: mikalitusi ya watu binafsi kwenye vilima vya Ankole, migunga iliyokauka mashambani kwa idhini ya mwenye shamba, kuni zinazopakiwa malori kwenda kwenye shule za bweni za Mbarara, kwa wachoma matofali, na kwa viwanda vya chai vya upande wa Bushenyi ambavyo hukaushia majani kwa moto wa kuni. Wakataji walio wengi hutumia shoka na panga. Wachache waliopata bahati ya kukabidhiwa msumeno ndio tunaowasemea leo, na bahati hiyo tutaipima.

Tuanze na mnyororo. Watu husifu injini, jina lake na nguvu zake, lakini injini haikati mti. Kinachokata ni mnyororo, na mnyororo wa kisasa una asili ya kupendeza. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon huko Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza wa mbawakawa akila gogo. Aliona kwamba funza yule hakwaruzi mti kwenda mbele, bali hula kushoto na kulia, kulia na kushoto, na njia yake hufunguka. Akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda, moja upande huu na jingine upande ule, yanayotoa chembe za mti kama randa ya seremala. Minyororo karibu yote tunayoitumia leo ni wajukuu wa funza yule. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu moja: aliyelitambua jino linalofaa alikuwa mkata miti mwenyewe, mtu aliyesimama mbele ya gogo. Hakuwa karani wa duka.

Meno hayo huja kwa maumbo mawili makubwa. La kwanza lina pembe kali kama kona ya patasi. Hilo hukata upesi sana katika mti laini, mbichi na safi, na dukani ndilo linalosifiwa kwa sauti kubwa. La pili pembe yake imeviringwa kidogo. Ukilinganisha siku ya kwanza utaliona ni la polepole, lakini likigusa vumbi halifi mara moja, na hata likianza kuwa butu bado lina uhai wa kumaliza gogo.

Sasa mti wa kwetu ni upi? Mgunga mkavu ni mgumu, na ganda lake limejaa vumbi la kiangazi. Mchwa nao hupanda shinani kwa vijia vyao vya udongo, hata mti uliosimama wima una mchanga ndani ya nyufa zake. Mkalitusi mbichi ni mlaini zaidi, lakini magogo yake huburutwa kuteremshwa kilimani mpaka mahali pa kukatiwa vipande, na katika kuburutwa huko hukusanya changarawe kama sabuni iliyoanguka uani. Kwa kazi ya namna hiyo mnyororo wa pembe kali ni starehe ya nusu saa. Baada ya hapo mkataji huusukuma msumeno kwa kifua na mabega, na anayesukuma msumeno tayari yumo hatarini, kwa kuwa gogo likiachia ghafula naye huenda nalo. Basi twasema bila kusita: kwa kuni za Nakivale na viunga vyake mnyororo ufaao ni wa meno ya pembe iliyoviringwa. Huo wa pembe kali waachiwe wenye misonobari safi iliyolazwa juu ya jukwaa. Iko pia minyororo yenye ncha za kabaidi, inayovumilia mchanga kuliko yote, lakini hainolewi kwa tupa ya kawaida, na bei yake si ya kuzungumzwa hapa.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi. Hapa Uganda mbao nyingi hupasuliwa porini kwa msumeno huu huu wa mkononi. Mnyororo wa kupasulia mbao hunolewa kwa pembe ndogo, digrii 10 hivi, kwa kuwa unakwenda kwa urefu wa gogo. Mnyororo wa kukata gogo kwa kukingama, kama tufanyavyo sisi wa kuni, hunolewa kwa digrii 30 hivi. Mwenye msumeno mwenye shughuli mbili humaliza kazi ya mbao, kisha huushusha mnyororo ule ule uliochoka kwa wakataji kuni, ati kuni hazihitaji unyoofu. Ni kweli kuni hazihitaji unyoofu. Lakini mnyororo wa digrii 10 ukikata kwa kukingama huenda taratibu na kula petroli, na petroli hiyo katika desturi tuliyoieleza mara nyingi ni ya mkataji.

Kisha kuna vipimo. Mnyororo una vipimo vitatu na vyote vitatu lazima vipatane na msumeno. Cha kwanza ni hatua yake: pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Misumeno mingi ya kazi huchukua inchi 3/8 au inchi 0.325. Cha pili ni unene wa ulimi, yaani kile kipande cha chini kinachopita ndani ya mfereji wa bapa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni hesabu ya ndimi zenyewe. Kwa kawaida namba hizi zimegongwa kwenye bapa, karibu na upande wa injini, chini ya uchafu ambao hakuna mtu aliyeufuta. Mwenye msumeno anayenunua ulimi wa 1.3 kwa mfereji wa 1.6 huona ameokoa shilingi. Mnyororo huo utayumba ndani ya mfereji, utakata kwa kupinda kama mlevi, na utalila bapa, ambalo bei yake inaushinda mnyororo mbali sana. Na anayefunga mnyororo wa 0.325 juu ya gia ya 3/8 anaharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Kadhalika gia hiyo nayo hulika. Mafundi hushauri ibadilishwe baada ya minyororo miwili hivi, kwani gia iliyochongeka huufanya mnyororo mpya uzeeke kabla ya siku zake.

Wauzaji wengine hukata mnyororo kutoka kwenye roli na kuuunga. Hilo si kosa, iwapo wana kifaa cha kufungia ribiti. Lakini ribiti iliyogongwa kwa nyundo juu ya jiwe isikubaliwe na mtu yeyote anayependa maisha yake. Hebu tufanye hesabu kidogo. Gia ya meno 7 ya inchi 3/8 huusogeza mnyororo milimita 133 kila inapozunguka mara moja. Injini ikizunguka mara 9,500 kwa dakika, mnyororo unakwenda mita 21 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 75 kwa saa. Ni mwendo wa basi kwenye barabara ya Masaka, na basi hilo liko sentimita chache kutoka kwenye goti lako. Ribiti ikiachia katika mwendo huo hakuna mkono utakaowahi kujikinga.

Kuhusu kunoa tutasema machache, maana mikono hujifunza kwa kuona kuliko kwa kusoma. Mnyororo wa 0.325 huhitaji tupa ya mviringo ya milimita 4.8. Wa 3/8 wa misumeno mikubwa huhitaji ya 5.2 au 5.5, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Tupa moja kwa minyororo yote ni uongo. Mbele ya kila jino kuna kidomo kinachopima jino liume kiasi gani, na kidomo hicho kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, wembamba kidogo kuliko ile kadi ya plastiki ambayo laini ya simu huja imebanwa ndani yake. Wako vijana wanaovikwangua vidomo mpaka chini ili msumeno uume kwa pupa. Msumeno wa namna hiyo hupiga teke: ncha ya bapa ikigusa tawi, sehemu yake ya juu hasa, mashine hurudi usoni kabla mtu hajapepesa jicho. Dalili ya mnyororo mzuri iko miguuni pako. Ukitoa vipande kama vya randa, umenoa. Ukitoa unga kama wa muhogo, zima injini ukanoe.

Sasa nati, ambazo ndizo hasa zilizotufanya tushike kalamu.

Katika misumeno mingi bapa hushikwa na boliti mbili zinazotoka kwenye bodi ya injini. Kifuniko cha pembeni huja juu yake, na nati mbili hubana vyote pamoja. Misumeno midogo mingine ina nati moja tu. Nati hizi si nati za kawaida. Chini zina ukingo mpana kama sahani, unaoitawanya nguvu ya kubana. Nyingi hufunguliwa kwa spana ya milimita 13, ile ambayo upande wake wa pili, wa milimita 19, hufungulia plagi. Spana hii huuzwa pamoja na msumeno, na hapa kwetu ndiyo kitu cha kwanza kupotea, au cha kwanza kubaki nyumbani kwa mwenye msumeno ati isiibwe. Mkataji hubaki na koleo. Koleo huzivunja pembe za nati, nati huwa ya mviringo, na siku inapohitajika kukazwa haikaziki. Na akipoteza moja, huenda kwa fundi wa bodaboda akapewa nati isiyo na ukingo. Hiyo itakula kifuniko polepole, itabana leo na kulegea kesho.

Watu husema nati hulegea kwa mtikisiko. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mara nyingi nati hulegea kwa sababu ilikazwa juu ya uchafu. Unga wa mti ukichanganyika na oili hufanya keki ngumu kati ya bapa na bodi ya injini. Mkataji mwenye haraka hukaza nati juu ya keki hiyo na kuona imebana sawasawa. Baada ya dakika chache za kazi keki inashindiliwa, inakuwa nyembamba, na nati inabaki haina cha kubana ijapokuwa haikuzunguka hata robo. Dawa yake ni kipande cha kijiti na kitambaa: fungua kifuniko, kwangua pande zote mbili za bapa, safisha sehemu ya bodi ambapo bapa hulala, zibua kitundu cha oili, kisha ndipo ufunge. Hakuna duka litakalokuuzia jambo hilo.

Utaratibu wa kukaza nao ni mmoja. Injini iwe imezimwa na mikono iwe na glavu. Nati zilegezwe mpaka zishikwe kwa vidole tu. Ncha ya bapa inuliwe juu kwa mkono. Skurubu ya kukazia izungushwe mpaka ndimi za chini ziguse bapa na mnyororo bado uvutike kwa mkono. Ncha ikiwa ingali juu, ndipo nati zikazwe. Wengi husahau hapo kwenye kuinua. Bapa likikazwa huku limeinama, gogo la kwanza hulisukuma juu, na mnyororo uliokuwa sawa hulegea papo hapo. Mnyororo mpya hurefuka, kwa hiyo uangaliwe baada ya mikato michache ya kwanza, na kisha kila wakati wa kujaza petroli. Na ule uliokazwa ukiwa moto ulegezwe jioni, maana chuma kikipoa hujikunja na kuivuta injini usiku kucha.

Tena si kila kukaza ni kuzuri. Bodi za misumeno hutengenezwa kwa aloi ya magnesi, iliyo nyepesi na isiyo na ugumu wa chuma. Anayechomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu ya fahali ataing'oa boliti pamoja na uzi wake, na hapo gharama si ya nati tena. Mkono mmoja, spana yake yenyewe, basi. Watengenezaji wenyewe wamelitambua tatizo la nati kupotea, na baadhi ya misumeno ya miaka ya karibuni ina nati zisizotoka kabisa kwenye kifuniko. Lakini misumeno ifikayo Kashojwa si ya miaka ya karibuni. Kwa hiyo twasema nati mbili za akiba ziwe mfukoni, zimefungwa ndani ya kitambaa.

Nati zikilegea na mnyororo ukatoka, hurudi kama mjeledi upande wa mkono wa kulia wa mkataji. Chini ya msumeno kuna kijindoana kidogo cha kuudaka. Tazameni misumeno yenu leo, ndugu, mtaona ni mingapi ingali na kijindoana hicho.

Neno moja juu ya oili. Wengi hutia oili chafu iliyomwagwa na magari, kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo haishiki mnyororo, ina chembe za chuma zinazolika bapa, na ikirushwa kwenye ngozi na mapafu kila siku ina madhara ya saratani. Ulaya wako wanaotumia mafuta ya mimea. Sisi hatuwezi kumshauri mtu wa Kashojwa amwage mafuta ya kupikia porini, mafuta hayo yana sufuria inayoyangoja. Lakini oili mpya ya mnyororo, au hata oili safi ya injini, si kitu cha kumshinda mtu mwenye mashine ya mamilioni.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye fedha. Mambo yote tuliyoyaeleza, kusafisha, kukaza, kunoa, kuangalia, yanahitaji muda. Na mkataji halipwi kwa muda. Hulipwa kwa lori lililojaa. Kila dakika anayosimama na spana ni dakika ya bure, na dereva wa lori anapiga honi. Kwa hiyo mtu akikatwa mguu tusiambiwe alikuwa mzembe. Aliyepanga malipo ndiye aliyeupanga uzembe huo. Mtu anayelipwa kwa lori na tena kukatwa bei ya nati hana sababu yoyote ya kumwambia mwenye msumeno kwamba nati zimekwisha. Atanyamaza, atafunga waya, ataendelea.

Wenye misumeno wanalo jibu lao, na ni haki tulitaje. Husema mkataji akipewa mnyororo bure ataukatisha kwenye mawe, kwa kuwa si mali yake. Liko neno la kweli hapo. Tumewaona vijana wanaokata gogo mpaka udongoni badala ya kuligeuza. Lakini jawabu la mali kuharibiwa ni mafunzo na hesabu inayoeleweka. Mnyororo una umri wake, jino lina alama yake ya mwisho wa kunolewa, na watu wawili waaminifu wanaweza kuutazama mnyororo na kujua kama umekufa kwa kazi au kwa uzembe. Anayekatwa fedha bila kuonyeshwa ule mnyororo amenyang'anywa.

Jibu lao la pili ni baya zaidi. Husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, amekodi msumeno wangu tu." Kwa maneno hayo machache sheria zote huondolewa mezani: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na ile ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo 2006 inautambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo tu. Basi tuulize. Ni nani anayechagua shamba la kukata? Ni nani anayepanga bei ya lori? Ni nani anayepokea fedha kutoka kwa shule au kiwandani na kuzigawa? Ni nani anayechagua mnyororo? Mkodishaji wa baiskeli hamwambii mpandaji aende wapi, abebe nini, na amletee fedha kiasi gani. Anayefanya hayo yote ni mwajiri, hata akijiita jina gani.

Na wakimbizi wasidanganywe kwamba mambo ya vyama si yao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kutafuta kazi, na inataja kwa jina haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Mkataji wa Kashojwa mwenye kadi ya mkimbizi na mkataji wa Mbarara mwenye kitambulisho cha taifa wanaweza kukaa benchi moja. Wenye misumeno wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana wakati mwingine huwatumia hawa kushusha bei ya wale.

Yako pia madhara yasiyotoa damu. Msumeno hupiga kelele zaidi ya desibeli 100, na mtikisiko wake huua mishipa midogo ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Watumishi wa misitu wa Japani waliugua hivyo kwa wingi, na chama chao kikapigania jambo hilo mpaka matumizi ya msumeno yakawekewa mpaka wa jumla ya muda wa saa mbili kwa siku, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia miaka ya 1970. Hatusemi Kashojwa itafika huko mwakani. Twasema tu kwamba mnyororo butu na mpira uliokufa wa kuzuia mtikisiko huongeza ugonjwa huo, na kwamba wenzetu waliwahi kukaa mezani wakazungumza juu ya vidole vyao bila kuona haya.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayotaka yaingie katika mapatano, iwe ya maandishi au ya mbele ya mashahidi. Mnyororo, gia, bapa, oili na nati viwe juu ya mwenye msumeno, na mkataji awe na sauti katika kuchagua mnyororo. Tupa na spana vikabidhiwe pamoja na mashine, asubuhi, si vifungiwe nyumbani. Muda wa kujaza petroli uwe ndio muda wa ukaguzi, na dereva wa lori aelezwe hivyo kabla hajaanza kupiga honi. Kofia, kinga ya masikio na suruali ya kujikinga vitolewe, na pasipo suruali hiyo, angalau buti ngumu badala ya kandambili, jambo ambalo ni aibu kulazimika kuliandika. Nasi kwa upande wetu wakataji waunde mfuko mdogo wa kununua minyororo ya aina moja kwa pamoja kutoka Mbarara. Safari ya mtu mmoja mmoja kwenda mjini kwa ajili ya nati mbili hugharimu nauli kupita nati zenyewe, na anayenunua kwa roli husikilizwa dukani kuliko anayenunua kwa hesabu ya ndimi.

Mazungumzo yafanyike kabla ya kiangazi cha Juni, kwa sababu kiangazi kikifika kazi huwa nyingi na hakuna atakayekaa kitako. Kabla yake tunapendekeza siku moja ya somo la tupa palepale Kashojwa, chini ya mti, bila hotuba. Kila mkataji aje na mnyororo wake wa zamani, hata kama ni butu kabisa, na msumeno aliokabidhiwa ikiwa mwenyewe ataruhusu. Wasioruhusiwa waje na kifuniko na nati zake, navyo vitatosha kuonyesha mambo mengi.